Kibuyu Juu ya Majivu

Betri ya tochi ikichoka, usiitupe. Iweke karibu na jiko, umbali wa kiganja kutoka kwenye makaa, uigeuze kama unavyogeuza muhindi wa kuchoma. Itakupa mwanga wa siku mbili au tatu zaidi. Wenye maduka hawapendi niseme haya, lakini nimeshawaambia wengi, na hapa Ifakara sijamwona mwanamke anayejua mambo haya kunizidi. Wanaume wanaoyajua ni wachache, nao wananisalimu kwa heshima. Karabai ikikohoa naifungua mwenyewe. Bawaba za milango ya nyumba hii nimezipiga mwenyewe. Diploma yangu ya ukunga, ile yenye muhuri mwekundu, imetundikwa ukutani ndani ya fremu niliyoikata kwa msumeno wangu, na haijapinda hata kidogo.

Kiangazi kilichopita nilikuwa jikoni kwa shangazi yangu, nikimtengenezea tochi aliyoletewa na mjukuu wake. Shangazi ni mzee sana, macho yake yamebaki ya kutofautisha mchana na usiku tu. Nilizipanga betri zake kando ya moto, na kwa mara ya kwanza katika kazi hiyo nikazisogeza karibu mno. Ile lami inayoziba kichwa cha betri ikaanza kulainika na kutoa harufu. Haikuwa harufu ya nta ya nyuki, lakini ilikuwa ndugu yake. Mkono wangu ukasimama. Mimi ambaye sijawahi kuacha kazi katikati niliinuka, nikatoka nje, nikashika nguzo ya uchaga.

Nyinyi wa rika langu mnajua kwamba situlii. Naondoka kanisani kabla ya baraka ili nikaangalie kama pipa langu la mvua linavuja. Nalaza birika juu ya majivu, nalaza ndoo, nalaza hata chupa ya mafuta ya taa iliyotoka dukani ikiwa na kifuniko chake. Majirani wanacheka kwamba mkunga wao angeweza angewalaza hata watoto wachanga. Nawaacha wacheke. Kazi yangu haivuji. Lakini sijapata kumwambia mtu yeyote kwa nini nahitaji kuhakikisha kila wakati, na umri tuliofika si wa kuendelea kuficha.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuziba. Mitumbwi ilichongwa na wengine. Kwake ililetwa ikishapasuka, ikishagongwa na kiboko, ikishakaukia juani mpaka ufa ukaruhusu vidole kupita. Aliushona ufa kwa kamba nyembamba ya gome la mti, kisha akapaka nta iliyochanganywa na unga wa mkaa, na mtumbwi ukarudi mtoni. Vibuyu alivishona kwa njia hiyo hiyo: unatoboa matundu pande zote mbili za ufa kwa msumari wa moto, unapitisha uzi, unakaza, unapaka nta ikiwa bado laini. Kaka yangu alikufa kabla hajatambaa, basi mimi ndiye niliyeshika msumari. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba, viliingia shingoni mwa kibuyu ambako vya baba havikufika. Nilikuwa na miaka minane au tisa, na tayari nilikuwa na majivuno haya mnayoyajua.

Baba alikuwa na sheria moja. Chombo alichokiziba hakikurudi kwa mwenyewe kabla hakijalala. Alichekecha majivu makavu, akayatandaza, akajaza chombo maji na kukilaza juu yake tangu asubuhi mpaka jua limegeuka. Ukikiinua ukaona doa jeusi, hata liwe dogo kama punje ya ulezi, unafumua na kuanza upya. "Jicho lako litakudanganya kwa sababu ni lako," aliniambia. "Majivu hayana ndugu."

Wakati ule Wajerumani walikuwa juu Mahenge ndani ya boma lao la mawe, na sisi bondeni tulikuwa tunalipa kodi ya nyumba na kulima pamba ambayo hatukuivaa. Mimi sikuelewa kodi. Nilichoelewa ni kwamba watu wazima walianza kunong'ona, na kwamba mgeni alikuja kutoka mashariki akiwa na dawa. Waliiita maji. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya mbarika na punje za mtama, na aliyenyunyiziwa, walisema, risasi ya Mjerumani ingemgusa ikamtiririka kama mvua. Walitaja pia kitu kilichokuwa ndani ya boma, kinachoitwa bombomu. Nilidhani ni ndege. Kuna ndege mkubwa mweusi wa mbugani anayelia kwa kifua kabla ya mvua, na kwa siku nyingi nilimhurumia baba kwamba anakwenda kupigana na ndege yule.

Walipotafuta mtu wa kubeba dawa ya watu wa upande wetu, walimchagua baba. Wala hakuwa shujaa kuliko wengine. Walimchagua kwa sababu vyombo vyake havivuji. Nilitembea kijijini kama binti wa jumbe.

Ilipobaki siku moja kuondoka, kibuyu cha dawa kiligongwa kwenye ukingo wa mtumbwi kikapata ufa, mrefu kama kidole changu cha kati. Baba alikuwa kwenye maji mpaka magotini, akiziba mitumbwi ya kuwavusha watu. Aliimimina dawa ndani ya chungu, akaniita, akanikabidhi kibuyu kitupu. "Hiki ni chako," alisema. "Mikono yangu haitoshi leo."

Nilishona matundu saba kwa saba. Mshono wa tatu ulikwenda upande kidogo, kwa sababu msumari ulikuwa umeanza kupoa, lakini nilikaza vizuri, na nta niliipaka ndani na nje. Bado nasema ilikuwa kazi nzuri. Kilichobaki kilikuwa kujaza maji ya mtoni, kulaza, na kungoja jua ligeuke.

Sikungoja. Wasichana wenzangu walikuwa wamekwenda kivukoni kuwaangalia wanaume wakifunga mabua ya mtama vichwani na kuimba. Niliwasikia. Nilitaka na mimi nione, na nilitaka nionwe, binti wa mbeba dawa. Nikakiweka kibuyu kivulini, nikakimbia. Niliporudi jua lilikuwa limegeuka, na baba alikuwa amesimama mlangoni akifuta tope mikononi.

"Umelaza?"

"Nimelaza, baba."

"Majivu yamesemaje?"

"Makavu."

Hakukigusa kile kibuyu. Akikuamini alikuamini, ndivyo alivyokuwa. Aliimimina dawa ndani, akafunga shingo kwa jani na kamba, akakivaa begani. Mmoja wa wenzake alipouliza kama ule ufa umezibwa sawasawa, baba alijibu kwamba amekilaza binti yake. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia. Aliyasema kwa fahari, na fahari ile nimeibeba miaka yote kama mtu aliyepewa mzigo usio wake.

Siku zilizofuata sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilikwenda kivukoni, nikarudi. Nilichekecha majivu, nikayatandaza juu ya ungo, nikayatazama, nikayamwaga. Mama alinituma kuni nikaleta maji. Aliniuliza kama ninaumwa, nikasema hapana. Kila nilipofumba macho nilikiona kibuyu kikitembea begani mwa baba, juu ya miamba, kupanda mlima, na tone moja likining'inia kwenye mshono wa tatu.

Aliyerudi ni baba mdogo, mdogo wake baba, akiwa na mkono mmoja umefungwa kwa gome. Zamani alikuwa mpagazi wa misafara, akazoea kusema Kiswahili, hasa akiwa na jambo zito, kana kwamba lugha ya nyumbani ingemuumiza zaidi. Kiswahili changu wakati ule kilikuwa kidogo, cha maneno ya vitu unavyoweza kushika. Aliketi chini mbele ya mama na shangazi. Hakueleza bombomu, ile bunduki ya kumwaga risasi, ilivyokuwa, wala watu wangapi wamebaki kwenye mteremko wa boma. Alisema kaka yao hayupo. Shangazi akamuuliza dawa je.

"Maji yalitutoka," alisema.

Mtu mzima angeelewa kwamba nguvu ya dawa iliwaacha. Mimi nilielewa maneno mawili niliyoyajua. Maji yalitoka. Yalitoka mle nilimoyafungia, tone kwa tone, kutoka kivukoni mpaka Mahenge, na walipofika, ndani ya kibuyu hamkuwa na kitu. Nilitazama kucha zangu. Bado zilikuwa na mkaa na nta.

Lakini watu wazima walikuwa wanatafuta sababu yao. Dawa ilikuja na miiko, na ikiwa imeshindwa, basi kuna aliyevunja mwiko, na aliyevunja mara nyingi huwa mke wa mtu. Mama alikuwa ameonekana akivushwa mto na mvuvi mmoja, wawili peke yao kwenye mtumbwi. Alisema alivuka kutafuta muhogo wa mtoto, na muhogo ule nilikuwa nimeula mimi. Shangazi, ambaye siku zote walisukana nywele na mama na kutaniana mpaka wakalia kwa kicheko, alisimama kwenye kizingiti cha nyumba ya baba akazuia mlango kwa mwili wake.

"Kaka yangu umemuua wewe," alisema. "Toka leo mimi sina wifi."

Mama alinishika mkono. Nilikuwa na neno, mnielewe, nilikuwa nalo kamili mdomoni: sikulaza. Ni neno moja tu. Ningelisema, shangazi angegeuka kunitazama mimi. Nililimeza. Na baada ya siku ile shangazi hakumtaja tena mama kwa jina wala kwa undugu. Alimwita yule mwanamke.

Tungeweza kukaa kijijini tukivumilia, lakini askari walishuka kutoka Mahenge wakachoma maghala, na njaa ikaingia nyumba zenye hatia na zisizo nayo. Mimi na mama tuliondoka kwa miguu, tukapita Mkula, tukavuka Kidatu, tukafika Morogoro tukiwa mifupa. Mama alifua nguo za watu. Kila Jumapili nilijitayarisha kumwambia. Jumapili nyingine alikuwa amechoka, nyingine alikuwa na furaha na sikutaka kuiharibu. Kisha akaugua homa, na Jumapili zikaisha. Alikufa akidhani, labda, kwamba ule muhogo kweli ulikuwa na kosa.

Yaliyofuata mengi mnayajua kwa sababu huwa nayasimulia mwenyewe bila kuombwa. Niliingia hospitali ya Dar es Salaam kufua mashuka, nikatoka humo nikiwa mkunga mwenye diploma. Nilijifunza kusoma kwenye vibandiko vya dawa. Nilijifunza umeme kwa kumwangalia fundi akibadilisha fyuzi, naye hakujua kama ananifundisha. Siku moja taa za wodi zilizimika kichwa cha mtoto kikiwa tayari kinaonekana. Fundi alikuwa amekwenda kula, na mimi nikapanda juu ya kiti, nikafunga waya mpya, taa zikawaka, nikashuka nikampokea mtoto. Daktari alisema hajawahi kuona. Nilimwamini.

Niliporudi Ifakara niliandika kwenye barua ya kuacha kazi kwamba bonde linahitaji mkunga mwenye diploma. Hiyo ni kweli. Nilimkuta shangazi angali hai, katika kiwanja kile kile karibu na kivuko, kwenye nyumba ile ile ya baba, ingawa kuta zimekandikwa upya mara nyingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipapasa uso wote kwa mikono. Aliniambia nimenenepa. Nilianza kumtengenezea vitu: mpini wa jembe, kitanda cha kamba, paa. Alishukuru kwa kila kimoja. Mama yangu hakumtaja, nami sikumtaja.

Sasa turudi jikoni, siku ya betri. Nilikuwa nimeshika nguzo nje, nikivuta pumzi, niliposikia sauti yake kutoka ndani.

"Mwanangu, umechoma nini? Inanuka kama kibuyu cha kaka."

Nikarudi mlangoni. Nikamuuliza kibuyu kipi.

"Kile walichokwenda nacho. Baba yako mdogo alirudi nacho, amekifunga mgongoni chini ya nguo. Askari wangekiona wangemtundika. Mimi ndio nikarithi." Alielekeza kidole darini bila kuinua kichwa. "Naweka mbegu. Panya hawakiwezi, na unyevu hauingii."

Nilipanda juu ya kinu. Kilikuwa kimening'inizwa kwenye boriti, cheusi kwa moshi, shingo imezibwa kwa gunzi la muhindi. Nilikigeuza kwenye mwanga wa mlango. Mishono saba. Wa tatu umekwenda upande.

Nilishuka nacho. Nilizimimina mbegu zake za mpunga kwenye ungo. Nilichekecha majivu ya jiko, nikayatandaza juu ya sinia, nikajaza kibuyu maji ya mtungini mpaka shingoni, nikakilaza mshono ukiwa chini. Nilikuwa na akili ya fundi hata wakati ule, nikajiambia: nta ya miaka mingi hivi ina haki ya kupasuka, kwa hiyo kikivuja leo hakitathibitisha lolote. Lakini kikishika leo, basi siku ile kilishika.

"Unafanya nini?" shangazi aliuliza.

"Nalaza."

"Unalaza nini? Mbegu zangu ziko wapi?"

Nilimwambia zipo. Kisha nikaanza kuzunguka. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilikaza komeo la mlango, nikalilegeza, nikalikaza tena. Mara tatu niliinama kukiinua kile kibuyu, mara tatu nikajizuia, kwa sababu jua lilikuwa bado upande wa asubuhi, na safari hii sikutaka kudanganya. Mwisho shangazi akaniambia nikae, ninamtia kizunguzungu. Nikakaa chini mbele yake, na neno lililokaa mdomoni tangu utotoni likatoka. Nilimwambia kuhusu mabua ya mtama na nyimbo za kivukoni. Nilimwambia baba aliuliza nini na mimi nilijibu nini. Nilimwambia kwamba siku aliposimama kizingitini, mimi nilikuwa nyuma ya mama, ninajua, na nilinyamaza.

Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu mapajani, ikakosa, ikatulia. Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha paa kikafika miguuni mwetu na kuanza kwenda upande wa pili.

"Inua," alisema.

Nikainua. Sikuyaamini macho yangu, kwa sababu ni yangu. Nikamsogezea sinia. Alifungua kiganja, akakiweka pale kibuyu kilipokuwa kimelala, akakisogeza taratibu kutoka ukingo huu mpaka ule, kama mtu anayetafuta punje ya ulezi gizani.

"Makavu," alisema.

Nilijua kwamba ningepaswa kufurahi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa imeshika, katika mikono ya mtoto wa miaka tisa. Ningeweza kuitundika ukutani kando ya diploma. Lakini shangazi alikuwa bado amelaza kiganja kwenye majivu, na nilimwona akifikiri njia ile ile niliyokuwa nafikiri mimi, akinifuata hatua moja nyuma.

"Basi hayakutoka kwako," alisema.

"Hapana, shangazi."

"Wala kwake."

Hakuwa ameniuliza mimi.

Nilitaka kufanya kitu. Nilichukua kibuyu nikatoka kwenda kuyamwaga maji uani ili mbegu zirudi mahali pake. Akasikia hatua zangu. Akaniambia nisimwage hovyo, nimletee. Alijiinua kwa kushika ukuta, akajongea mpaka mlangoni, akapapasa kwa unyayo mpaka akakipata kizingiti, pale pale aliposimama siku ile. Nikamwekea kibuyu mikononi. Kilikuwa kizito kwake, lakini hakutaka nimsaidie. Alikiinamisha, maji yakatoka kidogo kidogo yakaingia ardhini, na mimi ambaye nimepokea watoto wa nusu ya bonde hili sijawahi kuona mikono ya mzee asiyeona ikimimina vile bila kumwaga pembeni.

"Wifi yangu," alisema. "Wifi, pokea maji."

Alirudia mpaka kibuyu kikawa kitupu. Nikakiegemeza juani kikauke, kichwa chini, na mbegu zake nikazifunika kwa kitambaa. Kisha nikamuaga, nikaenda nyumbani kwa mwendo ambao siujui, wa polepole.

Nilikuwa nimeshaketi barazani kwangu nilipokumbuka kwamba tochi ya shangazi haikuwaka. Betri zake nilikuwa nimeziacha kando ya jiko, na kioo chake mezani, na kifuniko cha nyuma mfukoni mwangu. Nilikitoa nikakitazama. Bado palikuwa na mchana wa kutosha kurudi kumaliza kazi. Sikuinuka.